Programu Niliyoiweka Chini Kabisa

Kazi yangu ni kusikiliza watu wakiongea na kuandika walichosema. Nafanya hivyo ofisini hapa Dodoma, mwaka wa kumi na mbili sasa, hedifoni masikioni kuanzia asubuhi. Vikao, semina, warsha, mikutano ya wadau, vyote vinaletwa kwangu vikiwa sauti na mimi navirudisha vikiwa karatasi. Mahali pasiposikika naandika, ndani ya mabano, haisikiki. Sijazii kitu kutoka kichwani. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza tuliyofundishwa, na kuna mwenzetu alihamishwa kitengo kwa kuivunja. Naanza na hilo ili ujue kwamba aliyeharibu sauti ya baba yangu hakuwa mtu asiyejua mambo ya sauti. Ni mimi.

Nyumbani kwetu Ipagala tulikuwa na kompyuta moja ya mezani, imekaa sebuleni, tuliinunua ikiwa imeshatumika. Mume wangu ni mpima ardhi. Anarusha droni juu ya mashamba yanayogeuzwa kuwa viwanja, anarudi na picha mamia kwa mamia, na kompyuta inaziunganisha picha hizo kuwa ramani moja. Kazi hiyo huchukua siku nzima, wakati mwingine mbili, na kompyuta ikiwa inaifanya haitaki kusikia habari ya mtu mwingine. Feni inavuma, kipanya kinaganda, ukibonyeza herufi inatokea wakati umeshasahau ulitaka kuandika nini. Mimi nami nilikuwa na vibarua vyangu vya sauti za semina. Watoto wawili nao wana gemu zao. Basi kila jioni ni ugomvi. Nani ameifungua hii, funga hiyo, mama imeganda tena. Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi, na kuna siku nilichomoa waya ukutani wakati ramani ya watu imebakiza kidogo tu kumalizika. Mume wangu hakunisemesha mpaka Alhamisi.

Ndipo nikaanza kutafuta dawa. Nikasoma huku na huku mtandaoni, nikaelewa kwamba kompyuta haina akili ya kujua nani ana shida ya kweli. Inagawa muda wake wa kufikiri kwa kila programu inayoomba, na mwenye fujo ndiye anayeondoka na fungu kubwa. Ila kuna programu ndogo, ya bure, unayoiweka ikae juu ya zote kama mwenyekiti. Unaifungua, unaona orodha ya kila kinachofanya kazi ndani ya mashine, na kando ya kila jina unachagua daraja: juu kabisa, juu, kawaida, chini, chini kabisa. Aliye juu akiomba anahudumiwa kwanza. Aliye chini kabisa anakula makombo, yakibaki. Na ukishachagua mara moja, yenyewe inakumbuka. Hata baada ya mwezi, programu ikifunguliwa inakwenda kukaa kwenye daraja lake bila kuambiwa.

Nilifurahi mno. Nilikaa mbele ya ile orodha nikajiona mshereheshaji wa hafla ya kitaifa.

Sasa niseme ukweli wangu. Mtu mwenye busara angejiuliza: ni kazi gani ikikosa sekunde moja inaharibika, na ni ipi inaweza kusubiri? Ramani inaweza kusubiri. Ukiichelewesha, itachelewa, basi, hakuna kilichopotea. Lakini mimi ni mtu wa Dodoma, tena mtu ninayeandika kila siku ya Mungu kwamba itifaki imezingatiwa. Hapa kwetu hata chai ya kikao inaanza kumiminwa kwa mkubwa. Jalada la mkubwa linapita, la mdogo linasubiri hata kama ndilo linalowaka moto. Kwa hiyo mimi nilijiuliza swali tulilolizoea: nani mkubwa? Ramani ni ya baba mwenye nyumba, nikaiweka juu. Kazi yangu ya kuandika, kawaida. Gemu za watoto, chini. Mwisho kabisa wa orodha kulikuwa na kinasa sauti, ambacho siku hizo watoto walikuwa wakikitumia kurekodi jogoo wa jirani na miguno yao wenyewe. Huyo nikamweka chini kabisa. Nikamwita mume wangu aje aone, nikamwambia, "Itifaki imezingatiwa." Akacheka mpaka akakaa chini.

Na kweli ilifanya kazi. Wiki tatu nyumba ilikuwa na amani. Nikawa naisimulia ile programu ofisini, nikamwekea na mwenzangu mmoja kwenye kompyuta yake, nikaonekana mtaalamu.

Baba yangu alikuwa anaishi kijijini Mlali, mkulima, mzee wa kanisa. Sauti yake ilikuwa imekauka tangu mwaka uliopita, tukidhani ni vumbi la kiangazi. Alipoletwa mjini, akafikia kwetu, madaktari wakaona uvimbe kooni. Walitueleza vizuri, bila kutuficha: wataondoa sehemu yote inayotoa sauti, atapona, atakula, atapumua kwa tundu shingoni, lakini hataongea tena. Operesheni ikapangwa Jumanne. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu kwa ile sauti yake ya kukwaruza. Aliuliza leo ni siku gani. Ilikuwa Ijumaa.

Nilijua anahesabu nini. Alikuwa anamhesabia kaka yangu.

Kaka ndiye mtoto wake wa kwanza. Yuko Mpwapwa, anafuga. Miaka tisa nyuma mama alizidiwa ghafla alfajiri pale Mlali. Baba akasema tusubiri gari la asubuhi. Kaka hakusubiri. Alimpakia mama kwenye bodaboda, yeye nyuma amemshikilia, mama akafia njiani. Mpaka leo hakuna anayejua kama gari la asubuhi lingemkuta hai. Siku ya maziko baba alisimama mbele ya watu wote, kaburi likiwa wazi, akamwambia kaka, "Na mimi nikifa, wewe usitie udongo kaburini kwangu." Mzazi kumwambia hivyo mtoto wake wa kwanza. Watu waliinamisha vichwa. Kaka aliondoka hata kabla ya chakula, na Mlali hajakanyaga tena.

Kwetu, mzazi akitamka neno la namna hiyo, halifutwi kwa barua wala kwa kutuma mtu. Anayelifuta ni yeye aliyelisema, kwa mdomo wake. Ndiyo maana baba aliuliza siku.

Jumamosi nikampigia kaka. Nikamweleza kila kitu, kwamba baba anataka kulirudisha lile neno na amebakiza siku tatu za kuongea. Kisha akasema, "Kwenye simu hapana, tutagombana. Na kuja sasa hivi siwezi, sitakuja kusimama mbele yake bila kujua atasema nini. Kama ana neno, aliseme, wewe unirekodie. Nikilisikia kwa sauti yake, nakuja hata usiku huohuo." Nikasema sawa. Nikaona sasa baba na kaka watapatana, na mimi ndiye nitakayewapatanisha, kwa kazi ninayoijua kuliko kazi yoyote.

Utaniuliza kwa nini sikutumia simu. Hata mume wangu aliniuliza. Nilimjibu kwa maringo, Mungu anisamehe. Nilimwambia sauti ya baba imebaki mnong'ono, simu itaokota feni, kuku na redio ya jirani kabla ya kumwokota baba. Mimi nilikuwa na maiki nzuri, ya kuchomeka kwenye kompyuta, niliyoinunua kwa ajili ya vibarua vyangu. Nikasema hii ni kazi ya mtaalamu.

Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, niliweka maiki juu ya kigoda, chini yake nikakunja khanga ili isiokote mtikisiko wa sakafu. Nikafungua kinasa sauti, nikasema moja mbili tatu, nikasikiliza kwa hedifoni. Safi kabisa. Wakati huo kompyuta ilikuwa haina kazi nyingine yoyote, hilo sikulifikiria.

Tuliporudi, tukala. Mume wangu akaja kwa adabu, akachuchumaa mbele ya baba. Alikuwa na ramani ya kukabidhi Jumatatu saa nne na alikuwa hajaianza. Akasema, "Baba, hii mashine nina kazi nayo kidogo, ila naweza kusubiri mmalize." Baba akamwambia kwa kunong'ona, "Fanya kazi mwanangu. Mimi naongea tu." Na wewe ungetegemea aseme nini? Mkwe hakai kwenye nyumba ya aliyemwoa binti yake akaanza kusimamisha shughuli za watu. Mume wangu akanitazama mimi. Hapo ndipo ilipokuwa kazi yangu kusema subiri. Mimi nikasema, "Endelea tu, si tuna ile programu? Yenyewe itapanga."

Nilisema hivyo. Tena nikamweleza na baba, nikijitapa, kwamba kompyuta yetu ina kiongozi ndani yake. Baba akatikisa kichwa kama anayesifia.

Mume wangu akaianzisha ramani, akawachukua watoto wakatoka, maana maneno yale hayakuwa ya mkwe kuyasikia. Nikabonyeza kurekodi. Nilikuwa na hedifoni mkononi, nikaanza kuzivaa, nikasita. Mzazi wako anaongea neno zito kuliko yote, na wewe umeziba masikio? Hata kama unaziba ili umsikie vizuri, kwa macho ni dharau. Nikaziweka mezani. Kiti changu kilikuwa kimeelekea kwenye kioo cha kompyuta, nikakigeuza nimtazame yeye, si vizuri kumpa mzee ubavu. Kwa hiyo mtu ambaye miaka kumi na mbili hajawahi kurekodi hata salamu za ufunguzi bila kusikiliza kinachoingia, siku hiyo alikaa mikono mapajani, mgongo kwenye mashine, kwa heshima. Nyuma yangu feni ya kompyuta ilikuwa inavuma. Niliisikia. Nikawaza, kazi ya mkwe inaendelea.

Baba aliongea kama dakika ishirini, akipumzika na kunywa maji. Alimwita kaka kwa jina alilopewa na bibi, jina ambalo hatulitumii siku zote. Akasimulia ile siku ya mama tangu alfajiri. Akasema alikosea, kwamba hasira yake ilikuwa ya kujichukia mwenyewe kwa kusema wasubiri. Sikuwahi kumsikia baba akisema amekosea, hata kwa jambo la mbuzi. Nililia, machozi yakanitiririkia shingoni, sikuyafuta. Kisha akalirudisha lile neno. Alilisema mara mbili ili asibaki mtu wa kubisha. Alipomaliza akaegemea kiti, akaniuliza, "Imeingia?"

Nikamjibu, "Imeingia, baba."

Jumatatu tulikuwa hospitali tangu asubuhi, mara kupima damu, mara kupanga foleni ya kitanda, mara kutafuta karatasi iliyosahaulika nyumbani. Lile faili nilikuwa nalo kwenye flashi, mfukoni mwa sketi, nikisubiri nafasi ya kulisafisha kabla ya kumtumia kaka. Kutwa nzima nilikuwa nalo na baba alikuwa anaongea. Aliongea na muuguzi. Aliongea na mgonjwa wa kitanda cha pili kuhusu uwele. Nilikuwa nimeketi pale nikimsikiliza akiitumia sauti yake kuzungumzia uwele, na sikushtuka.

Jumanne walituambia mtu mmoja tu anatosha kusubiri. Mume wangu akabaki, mimi nikaenda ofisini, nia yangu niondoe vikohozi kwenye ile sauti, niisafishe, nimtumie kaka kabla ya mchana. Nikachomeka flashi, nikavaa hedifoni.

Mwanzoni nilidhani ni flashi. Nikaichomoa, nikairudisha. Kisha nikadhani ni hedifoni, nikaazima za mwenzangu. Sauti ilikuwa inakuja maneno matatu, inakatika, inarukia mbele, inakuja maneno mawili, inakatika. Ndani ya mikato hiyo hakuna hata mkwaruzo. Mikono yangu ikafanya ilichozoea kufanya. Nikafungua ukurasa, nikaanza kuandika. Sehemu ile ya mwisho, niliyoingojea, ilitoka hivi:

Mwanangu wa kwanza, mimi baba yako (haisikiki) siku ya mama yako nilisema mbele ya watu, nikifa usitie udongo kaburini kwangu. Neno hilo (haisikiki) mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu (haisikiki) Mungu anisikie (haisikiki) usitie udongo (haisikiki) ndivyo ninavyosema leo.

Soma tena kama mtu ambaye hakuwepo. Mimi nilikuwepo. Najua alisema neno hilo nalirudisha. Najua alisema, nililokukataza usitie udongo, sasa nakuambia uwe wa kwanza kuutia. Lakini mashine ilikuwa imeokota laana yote na kuacha toba. Mtu asiyekuwepo angeapa kwamba mzee ameirudia laana ileile, tena kwa jina la Mungu.

Nikampigia mume wangu. Nilikuwa sijasema hata halo. Nikamwambia wasimamishe, baba asiingie, nina dakika tano tu nakuja na simu, aseme tena, maneno mawili tu. Akasema, "Ameshaingia. Wamemchukua saa tatu na robo." Nikaangalia ukutani. Ilikuwa saa tatu na nusu.

Sikumbuki nilirudije nyumbani. Nakumbuka niliwasha kompyuta na kufungua ile programu. Kinasa sauti kilikuwa palepale nilipokiweka. Ramani juu, sauti ya baba chini kabisa. Ramani ilikuwa imetoka vizuri, kila kiwanja na kona zake, wateja walishaichukua tangu jana. Kompyuta haikukosea kitu. Ilifanya nilichoiagiza, kwa utii kabisa: kila sekunde ramani ilipohitaji kufikiri, baba yangu aliambiwa asubiri, na sauti ya mtu haijui kusubiri. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Mume wangu aliporudi, akaniuliza kwa upole kwa nini sikumwambia asimamishe, nikamfokea maneno ambayo hakustahili hata moja. Nikamwambia ni yeye na viwanja vyake. Akaniacha nikafoka mpaka nikaisha. Kisha akasema, "Operesheni imekwenda vizuri. Baba ni mzima." Nikaona aibu, nilikuwa sijauliza.

Nataka niseme na hili, ingawa sijawahi kumwambia mtu. Kesho yake nilikaa nikajaribu kuunga. Kazini tunajua namna. Kwenye zile dakika ishirini kulikuwa na "nali" mahali fulani, kulikuwa na "rudisha" kwenye habari ya bodaboda. Nilikata, nikabandika, nikalainisha. Baada ya saa moja nilikuwa na baba anayesema nalirudisha. Ilisikika vizuri, kaka asingejua. Nikaisikiliza mara mbili, nikaifuta. Baba alikuwa ameniamini kwa neno lake, nami nilikuwa nimelipoteza. Kumtungia jingine ilikuwa kumwibia mara ya pili.

Kaka alikuwa anatuma ujumbe kila siku. Vipi ile sauti? Dada, vipi? Siku ya tatu nikampigia, nikamwambia ukweli, kwamba imekatika na mwenye kosa ni mimi. Nikamweleza habari ya programu, madaraja, ramani. Nilijisikia mjinga, nikieleza mambo ya kompyuta kwa mtu anayeuliza kama baba yake anampenda. Akasikiliza. Akaniuliza, "Imekatika, au hakusema?"

"Alisema, kaka. Nilikuwepo, nilimsikia kwa masikio yangu."

"Nitumie hiyohiyo iliyokatika."

Nikakataa. Akasema, "Basi nimeelewa," akakata simu. Baada ya hapo nikipiga hapokei.

Ilibaki kumwambia baba. Wodini alikuwa na daftari la kuandikia, lakini baba si mtu wa kalamu. Anasoma Biblia yake vizuri tu, kuandika kunamchosha, herufi moja moja, kubwa kubwa. Nilikaa kando ya kitanda nikamweleza yote, sikuacha kitu, nikamaliza kwa kusema nisamehe baba. Kitambaa cha shingoni kilikuwa kinapanda na kushuka. Nilitamani anitukane. Nilitambua kwamba hata angetaka, hawezi. Akachukua daftari, akaandika kwa dakika nzima, akanigeuzia. Aliandika: TWENDE KWAKE.

Aliporuhusiwa, na madaktari waliposema anaweza kusafiri, tulikwenda. Mume wangu aliendesha, baba mbele, mimi nyuma na begi la dawa. Sikumpigia kaka, sikutaka apate nafasi ya kuondoka. Njia nzima baba alikuwa anachezesha midomo, polepole, anatazama mbele. Nilidhani anasali. Baadaye ndipo nilipotambua kwamba anafanya mazoezi.

Tulimkuta kaka zizini. Alipoona gari alisimama na ndoo mkononi, kisha akaiweka chini, akanawa mikono, akaja. Amezeeka kaka yangu, mvi zimemjaa kwenye ndevu. Sisi tumelelewa hivi: mzazi akiwa na neno na wewe, humkazii macho. Unasimama, unainamisha kichwa, unapokea. Kaka alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini, mwenye hasira yake na haki yake, lakini alipofika mbele ya baba mwili wake ulifanya ulivyofundishwa. Alisimama hatua mbili mbele yake, mikono nyuma, macho kwenye vidole vya miguu yake. Akasema, "Shikamoo baba."

Baba akaitikia. Midomo ilisema marahaba, nikaiona. Shingoni hewa ikapita kwenye kitambaa, basi.

Kisha baba akaanza kusema. Alimwita kwa jina lile alilopewa na bibi. Alisimulia ile alfajiri, akasema alikosea, akalirudisha neno. Niliyafuata yote kwenye midomo yake kwa sababu nilikuwa nayajua. Alilirudisha mara mbili, kama ile Jumapili. Hakuharakisha, aliyatamka moja moja, jasho likimtoka. Kaka hakunyanyua uso. Alisimama vilevile, kichwa chini, anasubiri kwa adabu kamili, na ng'ombe wakiguna nyuma yake. Baba alipomaliza alifunga mdomo, akamtazama mwanawe.

Kaka akasema, akiwa bado anatazama chini, "Dada, mwambie baba anaweza kuanza. Nasikiliza."

"Ameshamaliza," nikamwambia.

Hakuelewa. Niliona mabega yake yakikaza, nikajua akili yake inakoelekea, kwamba hata leo hakusema. Basi nikafanya jambo ambalo mdogo hamfanyii mkubwa wake, tena mwanamke, tena mbele ya baba. Nilimsogelea kaka yangu, nikamshika kidevu kwa mkono wangu, nikamwinua uso kwa nguvu mpaka ukalingana na uso wa baba, nikaushikilia hapohapo.

Baba akavuta pumzi kwa lile tundu la shingoni, akaanza upya tangu kwenye jina.